Jirani Yangu Ni Nani, na Bili ya Hospitali Ni ya Nani?

Masomo ya wiki: Kutoka 21:18-36, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 10:25-37, 1 Wakorintho 6:1-8

Somo la msamaha la wiki jana limeleta swali ambalo wengi wameniuliza kwa njia tofauti: pastor, nikishamsamehe dereva aliyenigonga, bado naweza kwenda kortini? Wengine hawaulizi, wanaamua wenyewe. Tunamtembelea mgonjwa wodini, tunaomba, halafu mmoja wetu anamwambia, "Mwachie Mungu." Maneno mazuri. Lakini mguu una vyuma, bili imefika laki nne, na kanisani bahasha ya mchango inapita mara ya pili. Aliyemgonga ana bima, na bima hiyo ililipiwa kwa sababu ya siku kama hiyo. Yaani tunawachangisha wajane na vijana wasio na kazi deni ambalo lina mwenyewe. Nilisoma biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na hesabu ya namna hii hunikosesha usingizi.

Jibu langu ni ndiyo, unaweza kudai. Msamaha ni kuachilia uchungu na kisasi moyoni. Gharama ya matibabu na mshahara uliopotea ni jambo lingine, na Biblia yenyewe inayatenganisha.

Angalia Kutoka 21:18-19. Watu wawili wamegombana, mmoja amepigwa hadi akalala kitandani, baadaye ameinuka na kutembea kwa fimbo. Aliyempiga anatakiwa alipe siku ambazo mwenzake hakufanya kazi na ahakikishe ametibiwa mpaka apone. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo wakili wa Kenya leo huandika katika madai: matibabu na kipato kilichopotea.

Teremka mpaka mstari wa 28. Ng'ombe dume amempiga mtu pembe akafa. Kama ng'ombe huyo hakuwa na tabia hiyo, anapigwa mawe naye mwenyewe haulizwi. Lakini kama mwenyewe alikuwa ameonywa kwamba huyu mnyama ni mkali na hakumfunga, mambo yanabadilika kabisa. Tofauti ni kwamba alijua. Mwenye matatu ameambiwa na dereva wake wiki mbili mfululizo kwamba breki zimeisha, naye anasema "piga trip mbili kwanza." Huyo ana ng'ombe wa Kutoka 21. Mwenye shimo katika mstari wa 33 pia analipa, kwa sababu alilichimba na hakulifunika. Na Kumbukumbu 22:8 inamwambia anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka. Sisi tunaoanika nguo juu ya maghorofa tunaelewa mstari huo vizuri kuliko wahubiri wengi. Sheria huita jambo hili uzembe: ulipaswa kumfikiria mwenzako, hukumfikiria, akaumia.

Watu wengi hawajui kwamba sheria ya uzembe tunayotumia Kenya ina uhusiano wa karibu na Luka 10. Ngoja niwape hadithi yake, kwa sababu kanisa limo ndani.

Mwezi wa nane mwaka wa 1928, mama mmoja wa Uskoti aliyeitwa May Donoghue aliingia mkahawani katika mji wa Paisley, karibu na Glasgow. Rafiki yake akamnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, huwezi kuona ndani. Alikunywa kiasi, na iliyobaki ilipomiminwa, kwa maelezo yake, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua tumbo na kushtuka sana. Sasa amdai nani? Hakununua soda yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa. Akamshtaki mtengenezaji, David Stevenson, akidai pauni 500. Wakati ule mawakili wengi wangemwambia hana kesi.

Kesi ilipanda mpaka Bunge la Malords jijini London, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya juu. Huyu mama hakuwa na pesa. Aliomba aruhusiwe kuendelea kama maskini, ili asibebeshwe gharama, akaeleza kwamba mali yake yote, ukiacha nguo zake na dai lenyewe, haifiki pauni tano. Nani alithibitisha umaskini wake? Mchungaji wake na wazee wawili wa kanisa. Walitia sahihi. Hawakumwambia aache kesi kwa kuwa ni mtu wa ibada.

Tarehe 26 Mei 1932 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika kwa mtu ambaye hajawahi kumuuzia kitu moja kwa moja. Lord Atkin, mmoja wa wale watatu, alichukua swali la yule mwanasheria aliyemjaribu Yesu: jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba kisheria jirani ni yule ambaye kitendo changu kinamgusa kwa karibu kiasi kwamba napaswa kumfikiria kabla sijatenda. Kenya ilirithi sheria za Kiingereza kupitia ukoloni, na mpaka leo majaji wetu huitaja kesi ya Donoghue wanapoamua mambo ya uzembe. Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Stevenson alifariki, na wasimamizi wa mali yake wakaelewana na mama huyo nje ya korti. Kiasi kinachotajwa ni pauni 200.

Basi 1 Wakorintho 6 tuifanyeje? Soma sura yote, usikate. Paulo anawakemea ndugu wanaoburutana mbele ya waamuzi wasioamini kwa mambo ya kila siku, na mstari wa 8 anamgeukia anayedhulumu. Wengi tunamhubiria aliyedhulumiwa avumilie tunamsahau huyu wa pili. Na Paulo mwenyewe alipopigwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya, akataka wakubwa waje wenyewe (Matendo 16:37). Baadaye alikata rufaa kwa Kaisari. Alijua haki zake na alizitumia.

Ugumu unakuja kama aliyekugonga ni ndugu wa hapa hapa. Sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari au pikipiki barabarani awe na bima ya kuwalinda watu wengine. Lakini kampuni ikikataa kulipa kwa hiari, kwa kawaida lazima kwanza upate hukumu dhidi ya dereva au mwenye gari, ndipo kampuni ilazimike kulipa, mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo jina la ndugu litaandikwa kwenye karatasi ya kesi hata kama pesa hazitoki mfukoni mwake. Maoni yangu, na mchungaji mkuu ameyapitia, ni haya: kaeni kwanza mbele ya wazee. Ndugu akubali ukweli wa kilichotokea na aitaarifu kampuni yake ya bima mara moja. Kampuni ikilipa bila korti, mshukuru Mungu. Ikikataa, kuandika jina la ndugu akijua ni kwa nini si ule ugomvi ambao Paulo alikemea. Ukianza kumkamua zaidi ya ulichopoteza, hapo umeingia kwenye ule ugomvi.

Sasa muda. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu nimekaa na watu waliokuja wakati mlango umeshafungwa, na hakuna maombi yanayorudisha kalenda nyuma.

Kesi ya kuumizwa kwa uzembe lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya tukio. Si kuanza kuongea na wakili, ni kufunguliwa. Kama unayemshtaki ni serikali, muda ni miezi 12 tu. Kampuni ya bima ya gari inatakiwa ipewe notisi ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa. Kwa hiyo "mwachie Mungu" ikimaanisha subiri mwaka wa nne, umemwachia kampuni ya bima.

Aliyeumia kazini ana njia yake. Sheria ya mwaka 2007, ile watu wanaita WIBA, inapeleka madai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kortini kwanza, na Mahakama ya Juu ilisimamia hivyo mwaka 2019. Mwajiri akishajua umeumia ana siku 7 za kuripoti, nawe una miezi 12 ya kuwasilisha dai. Uzuri wa njia hii ni kwamba si lazima uthibitishe mwajiri alikosea. Ulemavu wa kudumu kamili unalipwa mapato ya miezi 96, na ulemavu mdogo unapimwa kwa asilimia. Kijana wetu aliyekatwa vidole kwenye mashine akapewa elfu kumi na soda, hajalipwa bado.

Yesu katika Mathayo 5:25 anasema tupatane na mshitaki wetu mapema tukiwa bado njiani, na Katiba yetu, kifungu cha 159, inaziambia korti zihimize maridhiano na upatanishi. Mimi napenda makubaliano. Kesi huchosha. Lakini mapema si siku ile ile mtu akiwa bado na drip mkononi. Kuna karatasi ambayo kampuni hukupa utie sahihi ukipokea pesa. Inasema umelipwa kikamilifu na hutadai tena. Ukishatia sahihi, na miezi sita baadaye daktari aseme unahitaji operesheni nyingine, hiyo ni juu yako. Subiri ripoti ya daktari inayoeleza hali yako ya mbele, omba kiasi kiandikwe, nenda nyumbani ulale nacho. Na wale watu wanaozunguka wodini na fomu wakisema "wakili wetu atashughulikia", waombe jina la wakili na makubaliano ya ada kwa maandishi. Sheria ya Mawakili haikubali mkataba wa "utanilipa tu tukishinda", kwa hiyo anayekuja na ahadi hiyo ameanza kazi yako kwa kuvunja sheria.

Pia tusidanganye. Watu huongezwa kwenye orodha ya abiria wa matatu ambayo hawakupanda. Mtu alichubuka goti, ripoti inasema mgongo. Waumini wamo humo, tusijifanye. Kama ulipanda boda bila helmeti ukaumia kichwa, sema hivyo. Jaji anaweza kugawa lawama: akikupima fidia ya shilingi 600,000 na kusema wewe ulichangia asilimia 20, unapata 480,000. Bado ni pesa, na umeipata bila kutunga uongo mbele ya Biblia uliyoishika mkononi.

Kisha kuna upande ambao hatuupendi, wa anayelipa. Zakayo hakungoja notisi ya wakili. Alisimama akataja kiasi, mara nne. Mfanyabiashara aliyeokoka ambaye hana bima ya wafanyakazi wake, huku sheria inamtaka awe nayo, anatoa sadaka kutoka kwenye pesa ya vidole vya wengine. Mwenye boda ambaye bima imeisha tangu Machi, usimwache huyo kijana atoke kesho asubuhi.

Kwa vikundi vya nyumbani siku ya Jumatano: tuchukue ndugu wawili wa kundi moja, mmoja alimbeba mwenzake kwa pikipiki, wakaanguka, aliyebebwa amevunjika mkono na ni fundi wa cherehani. Bima ipo, lakini mwendeshaji anaogopa jina lake kuandikwa. Miezi 30 imepita. Mtamwambia nini kila mmoja, na nani ataenda naye kutafuta abstrakti ya polisi wiki hii?