Somo la Mapato: Ada za Ustawishaji na Safari ya Pesa Zake, Thika na Ruiru

Tangu Barabara Kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, mashamba mengi ya kahawa na mkonge kati ya Ruiru na Thika yamekatwa ploti, na mahali palipokuwa na nyumba moja ya familia sasa pana jengo la orofa tano au sita. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 370,000 katika kaunti ndogo ya Ruiru pekee. Kaunti nzima ya Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735, idadi ya pili kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi.

Wapangaji hao wanahitaji maji, mabomba ya majitaka, barabara, mitaro na taa. Somo la toleo hili linaeleza anayestahili kulipia huduma hizo, sheria inayoruhusu ada kutozwa, na mahali pesa zinapokwenda baada ya risiti kutolewa.

Mzigo wa jengo moja

Huu ni mfano wa hesabu tu. Ploti yenye familia moja ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, huhitaji lita 400 za maji. Ploti hiyo ikijengwa nyumba 40 za kukodisha, kila moja ikiwa na watu watatu, wakazi watakuwa 120 na maji yatakayohitajika ni lita 9,600 kwa siku. Hilo ni ongezeko la mara 24.

Ikiwa asilimia 80 ya maji hayo yatatoka kama majitaka, jengo litatoa lita 7,680 kila siku. Pasipo na bomba la majitaka, lori la lita 10,000 litalazimika kufika zaidi ya mara tano kwa juma. Lisipofika, maji hayo huishia mtaroni, na kutoka mtaroni hadi Mto Ruiru, Chania au Thika. Gharama ambayo mwenye jengo hakuilipa basi humwangukia jirani aliye bondeni.

Hiyo ndiyo sababu ya ada za ustawishaji: anayeongeza mzigo kwenye huduma za umma achangie kuzipanua.

Sheria inasema nini

Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, kutengeneza barabara za kaunti, kuweka taa za barabarani, kushughulikia maji ya mvua na kutoa huduma za maji na usafi. Kifungu cha 209 kinairuhusu kutoza kodi ya ardhi na ada za huduma inazotoa. Hata hivyo, Kifungu cha 210 kinaweka mpaka: hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kubadilishwa au kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria. Palipo na msamaha, rekodi yake na sababu zake lazima ziwekwe wazi kwa umma na taarifa ipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya 2019 inamtaka kila anayejenga, anayegawa shamba au anayebadilisha matumizi ya ardhi apate idhini ya kaunti kwanza. Anayeanza kazi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyo ndiyo inayoiruhusu kaunti kumtoza mwombaji ada ya ustawishaji. Viwango vyenyewe huwekwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, ambayo hupitishwa na bunge la kaunti kila mwaka.

Ada hizo zisichanganywe na malipo ya kuunganishiwa maji. Hayo hulipwa kampuni ya maji ya eneo husika, nayo bei zake hukaguliwa na mdhibiti wa kitaifa chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Pesa zinaenda wapi

Wengi hudhani kwamba ada iliyolipwa kwa jengo la Kimbo hutumika moja kwa moja kurekebisha barabara ya Kimbo. Sivyo. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga. Kuyatoa huhitaji bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti na idhini ya Mdhibiti wa Bajeti.

Kwa hiyo, ada ya Ruiru yaweza kugharamia zahanati upande mwingine wa kaunti. Utaratibu huu husaidia wadi zisizo na ujenzi mwingi. Upungufu wake ni kwamba mtaa unaokua kwa kasi unaweza kulipa sana na kungoja sana. Kinachoamua kama pesa zitarudi Makongeni au Gatongora ni bajeti.

Nchini Uingereza njia ni tofauti. Tangu 2010, halmashauri zinaweza kutoza ada ya miundomsingi kwa kila mita ya mraba ya jengo jipya. Pesa hizo lazima zitumike kwa miundomsingi, na sehemu yake, kwa kawaida asilimia 15, hupelekewa baraza la mtaa ulikofanyika ujenzi.

Kiwango cha haki

Ada ikiwa ndogo mno, walipa kodi wote hubeba mzigo wa mstawishaji. Ikiwa kubwa mno, mstawishaji huiongeza kwenye kodi ya nyumba, au hujenga kisirisiri bila mhandisi kukagua.

Nchini Marekani, mkazi wa Kaunti ya El Dorado, California, alitakiwa kulipa dola 23,420 za barabara ndipo apewe kibali cha kuweka nyumba kwenye ardhi yake. Mnamo Aprili 2024, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba ada haiepuki kupimwa eti kwa sababu tu imewekwa na bunge. Vipimo ni viwili: iwe na uhusiano na athari ya jengo, na ilingane na athari hiyo. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini ni maswali mazuri ya kuuliza katika kikao chochote cha maoni.

Hatua za kuchukua

1. Mstawishaji awasilishe ombi kabla ya kuchimba msingi, alipe kwa njia rasmi tu na ahifadhi risiti.

2. Ombi likikaa siku 60 bila jibu la maandishi, sheria inachukulia kuwa idhini imetolewa. Asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au jirani aliyeathirika, anaweza kukata rufaa kwa Kamati ya Uwiano ya kaunti ndani ya siku 14.

3. Mkazi asome Mswada wa Fedha unapotangazwa. Bunge la kaunti huushughulikia ndani ya siku 90 baada ya kupitisha sheria ya matumizi ya pesa, na maoni ya umma ni sharti.

4. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30. Vikao vinavyotangulia tarehe hiyo ndipo mahali pa kudai mtaro au bomba, kwa kutaja jina la barabara na idadi ya majengo mapya.

5. Anayetaka kujua kiasi kilichokusanywa na kilivyotumika anaweza kuandika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21.

Risiti ya ada ni nusu ya safari. Nusu ya pili hukamilika katika vikao vya bajeti, na mtaa usiofika huko huwaachia wengine kuamua pesa zake zijenge nini.