Macho Mawili, Picha Moja

Pengine umesikia watu wakisema: "Makengeza ya mutoto si kitu. Itaisha yenyewe wakati atakomaa." Maneno haya yameharibu jicho la watoto wengi. Ili ufahamu sababu, tujifunze kwanza namna macho mawili yanavyotumika pamoja.

1. JARIBU WEWE MWENYEWE

Nyoosha mukono mbele yako, simamisha kidole gumba. Funga jicho la kushoto, uangalie kidole pamoja na muti ao nyumba iliyo nyuma yake. Sasa fungua la kushoto na ufunge la kuume. Kidole kimeruka pembeni, si ndiyo? Lakini mukono haukutikisika. Leta kidole karibu na pua, ufanye tena. Sasa kinaruka zaidi.

Sababu ni hii: macho ya mutu mukubwa yanaachana karibu sentimeta 6. Kila jicho linaangalia kutoka fasi yake, kwa hiyo picha zao mbili hazifanani kabisa.

2. KAZI YA UBONGO

Macho yanapeleka picha hizo mbili kwa ubongo. Ubongo unazilinganisha na kuziunganisha kuwa moja. Kama picha zinaachana sana, unajua kwamba kitu kiko karibu. Kama zinaachana kidogo, kitu kiko mbali zaidi. Mwaka 1838 mwenye elimu mumoja wa Uingereza, Charles Wheatstone, alionyesha jambo hili. Alichora michoro miwili yenye kuachana kidogo, akaweka vioo ili kila jicho lione muchoro wake tu. Mutu aliyeangalia aliona kitu kimoja chenye urefu wa kwenda ndani, hata kama karatasi ilikuwa bapa.

Tunatumia uwezo huu kila siku: kutia uzi katika shindano, kumimina mawese ndani ya chupa, kudaka mupira. Funga jicho moja, kisha jaribu kurudisha kifuniko cha kalamu haraka. Utakosea mara nyingi.

Mutu mwenye jicho moja tu hapotewi na yote. Kitu cha karibu kinaonekana kikubwa, tena kinaficha cha nyuma. Naye akisogeza kichwa, vitu vya karibu vinapita mbio kuliko vya mbali. Anajifunza kwa alama hizo. Lakini ajiangalie zaidi na panga, shoka, na ngazi.

3. JICHO LIKIPOTOKA

Kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza. Macho yote mawili yanapaswa kuelekea fasi moja. Kama moja linapotoka, ubongo wa mutoto unapokea picha mbili zisizoungana. Utafanya nini? Unakataa picha ya jicho lililopotoka. Siku kwa siku jicho lile halitumiki, uwezo wake unalegea. Wanganga wanaliita jicho muvivu. Kwa inje linaweza kuonekana zima, lakini haloni vizuri, na mutoto hapimi vizuri mbali na karibu. Yeye hatasema kitu, kwa maana anazani kila mutu anaona vile.

Makengeza si uchawi wala laana. Mara nyingi yanaonekana katika jamaa moja. Mara zingine mutoto anahitaji miwani tu.

4. UFANYE NINI?

Macho ya mutoto muchanga yanaweza kutangatanga katika miezi ya kwanza. Lakini kama amepita miezi 4 na jicho lingali linapotoka, umulete hospitali. Hapana kungojea masomo. Munganga anaweza kumupa miwani, kufunika jicho zima saa fulani ili jicho muvivu lifanye kazi, ao kumupasua misuli. Dawa hii inasaidia zaidi mbele ya miaka 7. Nyuma yake kazi ni ngumu, lakini mulete tu. Usifunike jicho bila shauri la munganga, maana jicho zima nalo linaweza kulegea. Tena usitie maji ya majani ndani ya jicho.

ANGALISHO: Kama mboni ya jicho inaonekana nyeupe, hata katika foto tu, usilale juu ya neno hilo. Inaweza kuwa kansa ya jicho, yenye kuua. Kimbia hospitali juma hili. Na mutu mukubwa anayeanza kwa gafula kuona vitu viwili viwili aje siku ile ile.

MAULIZO

1. Kwa nini kidole kiliruka?
2. Ubongo wa mutoto unafanya nini na picha ya jicho lililopotoka?
3. Kwa nini hatungojei mutoto akomae?

Leo, wakati wa kumunyonyesha ao kumuogesha mutoto wako, angalia macho yake katika mwangaza. Je, yote mawili yanakuangalia?