“I used to” si “I am used to”

Wadogo zangu, mwenye usaili wa kazi wiki hii asome hapa kabla hajatoka nyumbani. Unaulizwa kama utaiweza zamu ya usiku. Wewe umeizoea, huna wasiwasi nayo, unajibu: “I used to work at night.” Mwenzako amesikia kwamba zamani ulikuwa ukifanya kazi usiku, siku hizi umeacha! Ulichotaka kusema ni “I am used to working at night.”

Itazame hiyo “am”. Pasipo “am” au ndugu zake “is”, “are” na “was”, unasimulia jambo lililokwisha, na kitenzi kinachofuata hubaki kitupu: “work”. Ikiwepo, unazungumzia mazoea, na kitenzi huongezewa “-ing”.

Sikio peke yake halitoshi, maana “d” na “t” zikikutana mdomoni humezana, ikasikika kama “yusto” tu. Ndipo wengi wanapoandika “I use to wake up at five” wakimaanisha kwamba huamka saa kumi na moja kila siku. Mdogo wangu, hiyo iache kabisa. Sema “I usually wake up at five.” Hiyo “d” huondoka pale penye “did”: “Did you use to live here?”

Ipo na ya tatu: “A knife is used to cut bread.” Ina “is”, lakini kitenzi ni kitupu, kwa sababu hapa kisu kinatumika, hakijazoea kitu. Hii hutamkwa kwa “z”, kama “yuzd”.

Makosa mengine ni ya nafasi tu kati ya maneno. “Every day” ni kila siku. “Everyday clothes” ni nguo za kawaida, za kushindia. “A part of the team” uko ndani ya timu, “apart from the team” uko nje yake. Hapo soma barua yako ya kuomba kazi polepole, kompyuta haikusahihishii kila mara.

Na ukifika mwisho wa barua, usiandike “I am looking forward to hear from you.” Hiyo “to” ni sawa na ile ya mazoea, nayo inataka “-ing”: “hearing from you.”