Kufundisha Kupima Ushahidi: Hesabu za Marubani

Tarehe 15 Septemba 1940, baada ya mapigano ya anga kusini mwa nchi yake, Uingereza ilitangaza kuwa marubani wake wameangusha ndege 185 za Ujerumani. Vita vilipokwisha, kumbukumbu za Wajerumani zilionyesha hasara ya ndege 60 hivi. Je, marubani walisema uongo? Tuanze somo kwa swali hili, wala tusiharakishe kulijibu.

Tuwagawie wanafunzi vikaratasi: marubani watatu wameishambulia ndege moja bila kuonana, nayo ikatumbukia mawinguni ikitoa moshi. Kila mmoja ataandika "moja". Jumla ni tatu, na hakuna aliyedanganya. Kisha tuwape orodha ya upande wa pili, uliolazimika kujua idadi halisi ili upate ndege nyingine na kuzipasha habari familia za wafu. (Orodha hiyo nayo ihojiwe: ndege iliyorudi ikiwa imeharibika kabisa imehesabiwa wapi?)

Tusiruhusu darasa lishangilie hesabu hizi kama mabao. Huko Runnymede, Uingereza, yameandikwa majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wa vita hivyo ambao makaburi yao hayajulikani.