SOMO LA MWEZI: MGONJWA ASIYEPONA ANAPOFIKISHWA CHUMBA CHA DHARURA



Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja mpaka limetufika. Nyumbani mna mgonjwa wa siku nyingi. Pengine ana saratani iliyokwisha kuenea, au moyo wake umechoka, na waganga wamekwisha kusema kwamba ugonjwa hauponi. Usiku wa manane anaanza kuhema kwa shida na kulia kwa maumivu. Jamaa wanatafuta gari na kumkimbiza hospitali. Mlangoni, waganga wasiomjua wanauliza: "Mnataka tumfanyie nini?" Inatupasa tuwe na jibu.

1. Kazi ya chumba cha dharura

Chumba hiki kimewekwa ili kuokoa maisha kwa haraka: watu wa ajali, wanaotoka damu, watoto wenye malaria kali. Njia mojawapo ni kusukuma kifua ili moyo uliosimama uanze tena. Waganga wa Baltimore, Marekani, waliitangaza mwaka 1960 kwa ajili ya watu ambao mioyo yao imesimama ghafula, na kwao yafaa sana. Lakini kwa mtu ambaye mwili wote umekwisha kwa ugonjwa wa muda mrefu, mara nyingi moyo haurudi. Mbavu huweza kuvunjika, na jamaa hutolewa nje saa ile ile ambayo wangemshika mkono.

Basi tulielewe neno hili: kuacha kumsukuma kifua si kuacha kumtunza. Yapo mengi ya kumfanyia.

2. Tiba shufaa ni nini?

Ni matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso, hata pale ugonjwa wenyewe usipoweza kuondolewa. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa mwuguzi na baadaye daktari, alifungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967. Alifundisha kwamba mgonjwa haumwi mwilini tu. Huumia pia katika fikira zake, katika mambo ya jamaa zake, na rohoni. Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya unga huchanganywa na maji, na mgonjwa akainywa nyumbani kwake.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji matunzo haya, na wanaoyapata ni kama asilimia 14 tu.

3. Yanayoweza kufanyika usiku ule ule

(a) Maumivu. Wengi huogopa kwamba mofini itamwua mgonjwa. Ikipimwa na mtu aliyefundishwa na kuongezwa kidogo kidogo, haiharakishi kifo. Hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha.

(b) Kuhema kwa shida. Aketishwe akiegemea mito, dirisha lifunguliwe, apepewe usoni. Mofini kidogo hupunguza pia hofu ya kukosa pumzi.

(c) Mkoromo wa saa za mwisho. Alazwe ubavu. Sauti ile huwasumbua wanaoisikia kuliko mgonjwa mwenyewe.

(d) Chakula. Asilazimishwe. Mwili unaofunga kazi yake hauhitaji tena chakula kama zamani. Midomo iloweshwe kwa kitambaa safi.

(e) Maneno. Hata asipojibu, huenda bado anasikia. Aagwe kwa upole, na pasiwe na ugomvi kitandani pake.

4. Si kila dharura ni mwisho

Hapa tuangalie sana. Neno "hauponi" lisimfungie mtu mlango wa hospitali. Mgonjwa wa saratani akishikwa na maumivu mapya ya mgongo na miguu ikalegea, huenda uti wa mgongo unabanwa. Apelekwe siku hiyo hiyo. Akicheleweshwa, yawezekana asitembee tena. Vivyo hivyo mkojo ukiziba, mfupa ukivunjika, au damu ikitoka nyingi. Mambo haya yana msaada, na mtu aweza kurudi nyumbani akaishi miezi mingine mizuri na watu wake.

5. Tujiandae kabla

Wengine hudhani kumwuliza mgonjwa habari za mwisho wake ni kumwitia kifo. Lakini kunyamaza hakufukuzi kifo. Huwaacha watoto wakibishana mlangoni, mmoja asema, "Awekwe kwenye mashine," mwingine asema, "Turudi nyumbani," na mwenyewe hawezi tena kusema analotaka. Basi aulizwe angali na nguvu: Waogopa nini? Ungependa kuwa wapi? Nani akusemee ukishindwa?

Majibu yaandikwe katika daftari, pamoja na jina la ugonjwa, dawa anazokunywa na kipimo chake, na jina la daktari wake. Daftari hilo likae pamoja na kadi ya kliniki, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Chupa ya dawa ichukuliwe pia. Na kasisi aitwe mapema, mgonjwa angali aweza kuzungumza naye, si saa ya mwisho tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwetu ni nani angejibu waganga usiku, na je, anajua mgonjwa anataka nini?
2. Ni dalili gani zinazotupasa kumpeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo?
3. Katika mtaa wetu yuko nani anayemwuguza mtu wake peke yake, na tungemsaidiaje juma hili?