Gurudumu la Spoki: Namna ya Kulijua la Asili na Kulipata

Hapa Kabatoro tunaishi kando ya Ziwa Katwe, na chumvi yake ndiyo riziki ya wengi. Lakini chumvi hiyo hiyo ni adui wa chuma. Gunia bichi likifungwa nyuma ya baiskeli, maji ya chumvi hutiririka juu ya spoki, na kutu huanza kazi yake. Gurudumu likivunjika mteremkoni, mpandaji aweza kupoteza mzigo na maisha pia. Tena baiskeli za wazee wetu zauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na kiwanda cha Raleigh kule Nottingham, kilikotoka nyingi za hizo, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nimejifunza mambo haya kwa kumsaidia babu yangu kuifufua Raleigh yake, nami nayaandika ili yawafae wenzangu.

Kwanza tujue gurudumu linavyofanya kazi. Waya mwembamba ukisukumwa hupinda, bali ukivutwa una nguvu nyingi. Kwa hiyo kila spoki hukazwa ili iivute ringi kuelekea kitovuni. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, alivumbua spoki zinazotoka kitovuni kwa mshazari na kupishana, ili nguvu ya pedali ifike kwenye ringi bila kuzipinda. Spoki iliyolegea ndiyo ikatikayo upesi, maana katika kila mzunguko huachiwa na kuvutwa tena, hata ikachoka penye kona yake ya kitovuni.

Sasa tutazame dalili za gurudumu la asili.

1. Hesabu ya spoki. Baiskeli nyingi za zamani za Uingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye uzito. Ukikuta 36 mbele na 36 nyuma, yafaa kuuliza kama magurudumu yamebadilishwa. Matundu ya ringi na ya kitovu hayana budi kulingana.

2. Kipimo. Baiskeli hizo kubwa hutumia tairi iliyoandikwa 28 x 1½, nayo hukaa juu ya ringi yenye kipenyo cha milimita 635. Usitosheke na namba 28 peke yake. Iko tairi nyingine ya 28 ambayo hukaa juu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini haziingiliani.

3. Umbo la ringi. Breki za fimbo huvuta vipande vya mpira kutoka upande wa kitovu na kuvigandamiza kwenye uso wa ndani wa ringi. Ringi yake ina kingo za mviringo. Ringi yenye mbavu bapa ni ya breki zinazobana kutoka pembeni. Ukichanganya, breki haitashika.

4. Alama. Kitovu cha Sturmey-Archer chenye gia tatu, aina ya AW, kilianza mwaka 1936, na vingi vimepigwa chapa ya mwaka. Ukisoma 58, kitovu ni cha 1958. Lakini huo ni umri wa kitovu, wala si ushahidi wa baiskeli nzima.

5. Sumaku. Zile nati ndogo za spoki zikiwa za shaba hazivutwi na sumaku, wala hazishiki kutu kama chuma. Kwa sisi wa ziwani jambo hili si dogo.

Wazee waliomaliza shule, ambao huenda wana motokaa za kale, nao wanalo fungu lao. Rudge-Whitworth, waliokuwa watengenezaji wa baiskeli, walitengeneza pia magurudumu ya spoki ya motokaa yanayoshikwa na nati moja ya katikati. MGB ya mwaka 1962 iliweza kuwa na gurudumu la spoki 60, na Jaguar E-Type ya 1961 spoki 72. Tazameni meno ya ndani ya kitovu: yakichongoka kama ya msumeno, yamelika. Kumbukeni pia kwamba nati ya upande wa kulia hufunguliwa kwa kuizungusha kama saa, na ya kushoto kinyume chake.

Je, gurudumu la asili litapatikana wapi? Anzeni kwa mafundi wa baiskeli wa Bwera na Kasese, kisha kwa wazee wenye baiskeli zisizopandwa tena. Chukueni kamba ya kupimia na sumaku. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi msidanganywe na rangi mpya. Zungusheni gurudumu karibu na kijiti mwone kama linayumba. Gongeni spoki moja moja: iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko jirani zake. Ringi ikiwa imeliwa na kutu hata kutoboka, nunueni kitovu peke yake. Ringi na tairi za 28 x 1½ bado hutengenezwa India. Si za asili, lakini zitabeba mzigo salama.

Mkisha kulipata, lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya safari ya ziwani, likaushwe, na spoki zipakwe mafuta kidogo kwa kitambaa, bila kugusa mahali breki inaposhika. Na yeyote mwenye gurudumu kuukuu ghalani asiliuze kwa kilo kabla ya kuzihesabu spoki zake.