Mwanangu Ni Kiziwi, Baba Yake Anaogopa

*Mwanangu ana miaka 19, ni kiziwi. Alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, tangu hapo yupo nyumbani. Anapenda kushinda kwa mchomeleaji wa jirani, ila baba yake amemkataza, anasema ataumia. Shemeji anasema sheria inawabana waajiri wawachukue watu kama yeye. Nianzie wapi? Mama, Chanika, Handeni*

Pole, mama, na hongera kwa kumfikisha kidato cha nne.

Shemeji yako hajakosea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Lakini hapo Chanika karakana gani ina watu 20? Sheria hiyo mtaishika siku akiomba kazi halmashauri, au kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe. Kwa sasa anahitaji fundi mmoja tu, na inaelekea mmeshampata.

Baba yake akakae pale asubuhi moja. Grenda ikiwashwa, nani anamsikia nani? Wote wanaongea kwa mikono. Hofu yake si ya bure, ila dawa yake ni miwani, glavu na viatu vigumu, na kijana asimame anapouona mlango. Anayemtaka ampitie mbele, asimshtue kwa nyuma.

Kisha andikianeni na fundi: miezi mingapi, atafundishwa nini, posho itaanza lini. Vijana wengi wenye ulemavu huishia kufagia karakana miaka nenda rudi, huku familia ikishukuru kwamba angalau wana pa kushinda. Wewe usishukuru upesi. Uliza mwezi huu amechomelea nini.

Akishaiva, VETA huwapima waliojifunzia ufundi mtaani na kuwapa cheti. Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Nenda na kijana, aombe mwenyewe, wewe uwe mkalimani tu.

Barua yako lakini haisemi yeye anataka nini. Hapo nyumbani nani anajua lugha ya alama? Kama ni mdogo wake peke yake, tafuteni watu wa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) wawafundishe, na fundi naye aje ajifunze walau “moto”, “zima” na “simama”.